James Monroe, balozi aliyedai Leta yake miaka 30

Tarehe 5 Januari 1825, Raisi wa Marekani alituma mukanda kwa wabunge wa inchi yake. Ilibaki miezi miwili tu amalize kazi. Mutu angefikiri kama Raisi anayeaga anaandika juu ya vita ao juu ya mipaka ya inchi. Hapana. Yule muzee aliandika juu ya hesabu yake mwenyewe. Aliomba wabunge wafungue vitabu vya feza toka mwaka 1794, wakati alitumwa balozi ku Paris, waangalie karatasi moja moja, kisha waseme nani ana deni ya nani: yeye kwa Leta, ao Leta kwake.

Yule Raisi ni James Monroe. Jina lake wengi wetu tulilisikia ku masomo, juu ya maneno aliyotoa mwaka 1823 kukataza wafalme wa Ulaya wasijitafutie tena makoloni kule Amerika. Wengine wanajua Monrovia, muji mukubwa wa Liberia, unaoitwa kwa jina lake. Lakini mambo ya nyumba yake ya balozi na ya deni iliyotoka ndani yake haielezwi sana. Kwa mutu aliyekwisha kungojea dekonti yake mbele ya mulango wa biro, ni mambo ya kusikiliza.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1758 katika Westmoreland, jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa na shamba, na alikuwa pia seremala. Wazazi wote wawili walikufa yeye angali kijana, mujomba wake, jina Joseph Jones, akamusimamia mu masomo. Mwaka 1776 aliacha masomo akaingia vita ya kujitoa chini ya Uingereza. Tarehe 26 Desemba mwaka ule, ku Trenton, risasi ilimupiga mu bega na kukata mushipa mukubwa wa damu. Daktari mumoja alikuwa karibu, akaufunga upesi. Kama si yule daktari, hadisi yetu ingeishia pale. Hakuwa hata na miaka 19.

Alipotoka mu jeshi alijifunza sheria kwa Thomas Jefferson, akawa mubunge wa Virginia, kisha mubunge wa inchi yote. Mwaka 1786 alioa Elizabeth Kortright, binti wa mufanyabiashara wa New York. Mwaka 1790 akaingia Seneti. Yote ile ni njia ya wakubwa wengi wa wakati ule. Njia yake ya pekee inaanza mwaka 1794, wakati Raisi George Washington alimutuma balozi Ufaransa.

Hapa tusimame kidogo, juu bila kujua namna feza ya mabalozi ilitoka, hatuwezi kujua juu ya nini mambo iliharibika. Katiba ya Marekani inasema kama feza haitoke mu kasha ya Leta bila wabunge kupitisha sheria. Raisi anaweza kuchagua balozi, lakini kumulipa anategemea Bunge. Tarehe 1 Julai 1790 wabunge walipitisha sheria ya kazi ya mabalozi wote. Kwa inchi zote za inje waliweka dola 40.000 kwa mwaka, haipite pale. Balozi mumoja alipata mushahara usiopita dola 9.000 kwa mwaka. Tena, wakati wa kwenda, aliweza kupewa feza ya kuanzia nyumba, mara moja tu, isiyopita mushahara wa mwaka mumoja. Na ile feza ya kuanzia ilikuwa kwa yote: viti, vitanda, sahani, farasi na gari lake, nguo za kuingia nazo mbele ya wakubwa. Nyumba yenyewe Leta haikumupa. Alijitafutia.

Wabunge hawakuwa watu wabaya. Inchi ilikuwa changa, ilitoka vita na deni mingi. Wengi wao walikuwa wakulima, na walichukia desturi ya wafalme, kula na kuvaa kwa jasho la raia. Walisema balozi wa jamuhuri aishi kama raia wa jamuhuri. Lakini ku Paris na ku London hakuna mutu aliyemungojea balozi aishi hivyo. Mabalozi wengine walikuwa matajiri, ao walilipwa vizuri na wafalme wao. Walialika na kualikwa. Balozi asiyeweza kualika watu ku meza yake, nani atamwambia habari?

Monroe alifika Paris mwezi wa Agosti 1794, siku chache nyuma ya kuuawa kwa Robespierre. Muji ulikuwa bado unatetemeka. Alipokelewa mbele ya wabunge wote wa Ufaransa, kwa shangwe kubwa. Serikali mupya ya Ufaransa ilitaka kumufurahisha: ilisema itamupa nyumba ya kukaa, achague tu sehemu ya muji anayopenda. Nyumba za bure zilikuwa nyingi, juu matajiri wengi walikuwa wamekimbia inchi na mali yao kukamatwa.

Monroe alikataa. Katiba ya kwao inakataza mutu wa Leta kupokea zawadi ya serikali ya inje kama Bunge halikubali. Angeweza kujifanya hakumbuke. Angeweza kuingia ndani ya nyumba kwanza, kisha aandikie Bunge. Kwenda na kurudi kwa barua baharini kulikuwa miezi, na mutu aliyekwisha kulala mule ni vigumu kumutoa. Hakufanya vile. Mimi naona hapa ndipo mutu alionyesha moyo wake, na mambo ya nyuma tuyapime na hii.

Basi akatafuta nyumba kwa feza yake. Mwisho alinunua moja yenye bustani, iliyokuwa ikiitwa Folie de la Bouexière. Alinunua na viti, meza na vyombo vya Kifaransa. Alipenda vitu vizuri, tusifiche, na bibi yake vilevile. Binti yao Eliza aliwekwa katika shule ya Mama Campan, fasi watoto wa wakubwa walisoma. Si kila dola iliyotoka mu mufuko wake ilikuwa kwa kazi ya Leta. Hili neno litarudi mbele yake nyuma ya miaka mingi.

Lakini ile nyumba ilifanya kazi. Thomas Paine, mwandishi aliyesaidia sana Marekani kupata uhuru, alikuwa mu gereza ku Paris, mugonjwa, karibu kufa. Monroe alimutoa mwezi wa Novemba 1794 na kumuleta nyumbani kwake. Alikaa mule zaidi ya mwaka mumoja, akila na kutunzwa. Bibi ya Lafayette, yule jemadari Mufaransa aliyepigana upande wa Marekani, alikuwa pia amefungwa, na watu wa jamaa yake walikuwa wamekwisha kukatwa kichwa. Elizabeth Monroe alipanda gari, akaenda kumwona mu gereza, mchana, watu wakiangalia. Habari ikaenea muji mzima. Mwezi wa Januari 1795 yule mama akafunguliwa. Sasa mwulize karani wa hesabu: ile gari ni feza ya nani? Mugeni aliyekaa mwaka muzima ku meza ya balozi, chakula chake kinaandikwa fasi gani? Hakuna musitari wake mu kitabu.

Mwaka 1796 Washington hakumutaka tena. Alimwona anapenda Ufaransa kupita mipaka. Barua ya kumurudisha ilimufikia Novemba. Mwisho wa Desemba aliaga serikali ya Ufaransa. Lakini ilikuwa baridi kali, bahari mbaya, na alikuwa na bibi na mutoto. Alingojea mpaka baridi iishe, akafika kwao mwezi wa Juni 1797. Na mushahara? Kwa Leta, kazi iliisha siku aliaga. Kwa Monroe, mutu uliyemutuma mbali bado ni mutu wako mpaka arudi ku mulango wake. Ile miezi ya kungojea meli ikawa deni ya kwanza katika hesabu yake. Wale waliopelekwa kazi mbali na kwao, kontra ikaisha na tiketi ya kurudi haijafika, hawana haja ya kuelezwa.

Alirudi na hasira. Aliandika kitabu kikubwa, zaidi ya kurasa 400, kuonyesha kama serikali ilimukosea. Watu walisoma, wakagombana, feza haikutoka. Kutoka 1799 mpaka 1802 alikuwa gavana wa Virginia. Mwaka 1800 watumwa wa Virginia walipanga kusimama pamoja na Gabriel, mufua vyuma, wapate uhuru wao. Mupango ulifunuliwa. Chini ya gavana Monroe, zaidi ya watu 20 walinyongwa, Gabriel mwenyewe ndani. Juu Monroe alikuwa na watumwa, kama karibu wakubwa wote wa Virginia. Tuweke hili pembeni, tutalihitaji mbele.

Mwaka 1803 Jefferson, sasa Raisi, alimutuma tena Ufaransa, kwa haraka, kununua muji wa New Orleans. Alikuwa hana feza ya safari. Aliuzisha vyombo vya nyumba yake. Rafiki yake James Madison alinunua sehemu. Fikiri: balozi wa inchi anauzisha sahani zake apate kwenda kufanya kazi ya inchi! Alikwenda, na pamoja na mwenzake Robert Livingston walitia sahihi mukataba wa Louisiana, wa tarehe 30 Aprili 1803. Kwa dola milioni 15 Marekani ilipata udongo mukubwa hivi kwamba inchi yenyewe karibu iwe mara mbili. Napoleon aliuzisha, wenye kukaa mu ule udongo hawakuulizwa, lakini hii ni hadisi ingine.

Kutoka Paris alitumwa moja kwa moja London, na katikati ya ile kazi wakamutuma ku Madrid pia, fasi hakupata kitu. London ilikuwa ghali kuliko Paris, na baridi ilimuumiza yeye na bibi. Hapa tena kukatokea swali la karatasi. Alipoingia London, alianza nyumba mupya: kupanga, kununua viti, kukodi farasi. Yeye alisema hii ni ubalozi mupya, basi Leta imupe tena feza ya kuanzia. Lakini alikuwa ametoka kwao kwa kazi ya Ufaransa, na makarani wakaliona kama safari moja tu. Alirudi mwisho wa 1807, na mukataba alioufanya na Waingereza Jefferson hakuupeleka hata mbele ya Seneti. Njo vile: kazi ya miaka mine, deni mingi, na mukataba uliobaki mu sanduku.

Kwa nini hakudai kwa nguvu wakati ule? Mwaka 1811 aliitwa kuwa minisitiri wa mambo ya inje. Mutu wa namna ile, hesabu ya mabalozi yote inapita katika biro yake. Alisema si vizuri mutu adai akiwa yeye mwenyewe ni mukubwa wa ile biro. Kisha akawa Raisi, na Raisi kusukuma wabunge wamulipe, ilikuwa haya zaidi. Naamini alisema kweli. Lakini kila mwaka uliopita, karatasi ilipotea, na mashahidi walikufa. Mutu mwenyi kudai anajua kama deni isiyosemwa inageuka hadisi.

Kabla hajawa Raisi, Waingereza waliingia Washington, tarehe 24 Agosti 1814, wakachoma Nyumba Nyeupe. Kwa hiyo Monroe alipoingia kazi ya Raisi, mwaka 1817, alikuta nyumba inajengwa upya, ndani hakuna kitu. Wabunge walitoa dola 20.000 za kununua vyombo, na mwaka uliofuata dola 30.000 zingine. Vitu vingi viliagizwa Ufaransa. Monroe alitaka viti vya mbao ya mahogani, wale waliotumwa kununua wakaleta viti vya kupakwa zahabu, kwa bei ya juu. Vingi vilipokuwa bado baharini, Leta ilinunua vyombo vya Monroe mwenyewe, vile alivyotoka navyo Paris, kwa dola 9.071 na senti. Bei iliwekwa na watu waliokuja kuvikadiri. Sasa Raisi alikuwa anauzishia Leta, na Leta ile ni yeye.

Aliyeshika ile kasha ya vyombo alikuwa Samuel Lane, mukubwa wa majengo ya Leta. Hesabu yake ilichanganyika. Na feza ya ile kasha ilipita pia mukononi mwa Monroe kama mukopo juu ya vyombo vyake. Mwaka 1822 Lane akafa, na walipofungua vitabu walikuta feza mingi haionekane, karibu dola 20.000. Bunge likachagua watu wa kupeleleza. Mubunge wa Tennessee, John Cocke, alitaka Raisi mwenyewe atoe maelezo. Monroe alikasirika sana, akamurudishia jibu la matusi kwa mudomo wa yule aliyeleta habari.

Rafiki za Monroe waliona Cocke kama adui tu. Mimi sioni vile. Ndiyo, uchaguzi wa 1824 ulikuwa karibu, na kila mutu alitafuta jiwe la kutupa. Lakini feza ilikuwa imepotea, na ilikuwa ya raia. Mubunge anayeuliza kiti kilinunuliwa bei gani, na nani aliweka ile bei, anafanya kazi aliyotumwa. Hawakupata kama Monroe aliiba. Walipata kama Raisi hakutenga vizuri mufuko wake na mufuko wa Leta, na hilo peke yake ni kosa.

Kuna jambo moja la wakati wake ambalo wachache wanalijua, na linatugusa sisi Waafrika. Mwaka 1821, Monroe akiwa Raisi, Sultani wa Moroko, Moulay Suliman, alitoa nyumba ku Tangier kwa ubalozi mudogo wa Marekani. Zawadi haikuwa ya mutu, ilikuwa ya inchi yenyewe. Ile nyumba ingali yao mpaka leo. Mutu aliyekataa nyumba ya bure ku Paris, chini yake inchi ikapata nyumba ku Afrika.

Sasa turudi kwa ule mukanda wa Januari 1825. Alipotoka Nyumba Nyeupe, mwezi wa Marsi, Monroe alikuwa na deni karibu dola 75.000. Mushahara wa Raisi ulikuwa dola 25.000 kwa mwaka, lakini kula, kualika na kulipa watumishi vilitoka mule mule. Raisi aliyestaafu hakuwa na pansio. Wabunge walichagua watu wa kuangalia hesabu yake. Wakapanga mbele yao miezi ya kungojea meli ya 1797, nyumba ya London, gharama zingine za miaka ile yote, na juu ya yote faida ya miaka karibu 30, juu deni inayokaa inazaa.

Mabishano yalikuwa makali. Wenye kumukataa walikuwa na neno zito: hesabu za mabalozi zilikwisha kufungwa na makarani wa Leta tangu zamani, yeye mwenyewe akiwa karibu. Wakifungua ya Monroe, kesho kila balozi wa zamani ataleta yake. Tena, nani atathibitisha leo bei ya nyumba ya 1795? Wenye kumusaidia walijibu kama Leta ilipata Louisiana kwa kazi ya huyu mutu, na haifai afe kwa deni aliyoipata akiitumikia. Ile jibu inagusa moyo, lakini tuitazame vizuri: inasema mutu alipwe juu ya wema wake, si juu ya karatasi yake. Monroe hakutaka vile. Alikataa kuonekana muombaji. Alitaka ile aliyoitumikia.

Mwaka 1826 Bunge lilipitisha dola 29.513. Haikutosha. Mwaka 1828 alitoa kitabu kidogo, akieleza tena kila dai, mwaka kwa mwaka. Muzee wa miaka 70, aliyekuwa Raisi mara mbili, anakaa usiku na barua za zamani kuhesabu siku za kungojea meli.

Wenye kumukopesha hawakungojea Bunge. Shamba lake la Highland, karibu na Charlottesville, lilikwenda. Na pamoja na shamba walikuwa watu. Mwaka 1828 Monroe aliuzisha watumwa kwa Joseph White, mwenye shamba kubwa kule Florida, kama dola 5.000, na feza ikaenda ku deni. Walitolewa Virginia, fasi walizaliwa na fasi walizika wazee wao, wakapelekwa mbali kusini, kulima mashamba ya mutu wasiyemujua. Tulisema tutalihitaji lile neno la watumwa: hii ndiyo fasi yake. Nyumba ya Paris, meza ya Paine, farasi za London, deni ya vile vyote mwisho ililipwa kwa miili ya watu ambao hawakuwahi kuona Paris. Kwa Monroe, Bunge lilikaa miaka kuhesabu. Kwa wao hakuna mubunge aliyesimama kuuliza kitu.

Na ni mutu yule yule ambaye mwaka 1819 alitia sahihi sheria ya kutoa dola 100.000, kukamata meli za watumwa na kurudisha Waafrika waliookolewa ku pwani ya Afrika. Ile feza ndiyo ilisaidia kuanza makao yaliyopewa jina Monrovia mwaka 1824. Sijui kuunganisha hizi mbili vizuri, na wale walioandika vitabu vikubwa juu yake hawakuniridhisha.

Tarehe 23 Septemba 1830 Elizabeth alikufa. Monroe hakuweza tena kukaa peke yake. Alihamia New York kwa binti yake wa pili, Maria, na bwana yake. Alikohoa sana, nguvu zilikwisha. Raia wa kwao walikuwa wameandikia Bunge kumuombea. Mwanzo wa Februari 1831 Bunge lilipitisha dola 30.000 zingine, kumaliza ile hesabu. Ilifika miaka 34 nyuma ya yeye kurudi kutoka ubalozi wa kwanza, na ilikuwa na wenye kuidai mbele haijaingia mukononi mwake.

Alifariki tarehe 4 Julai 1831, siku ya sikukuu ya uhuru wa inchi yake, ana miaka 73. Alizikwa New York. Mwaka 1858 watu wa Virginia walichukua mifupa yake wakaizika upya ku Richmond.

Mambo ya nyumba za mabalozi iliendelea vile vile kwa muda murefu: kila balozi na mufuko wake, mwenyi mali akipata Paris na London, asiye na mali akibaki kwao. Ni mwaka 1911 tu, miaka 80 nyuma ya kufa kwa Monroe, ndipo wabunge wa Marekani walipitisha sheria ya Leta kununua nyumba za mabalozi wake katika inchi za inje. Waliweka mupaka: dola 150.000 kwa muji mumoja, haipite pale.